Nilivyomfuta Mama Kulwa kwenye zamu ya maji kwa update ya saa moja jioni

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu. Nimecheka sana na visa vyenu, nimejifunza mengi, lakini cha kwangu sijawahi kuandika. Leo naandika. Chumvi siweki hata punje, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Majina ya watu nimebadilisha. Kampuni siitaji kwa sababu sina nguvu za kuitwa kwenye vikao.

Anayetafuta kisa cha kuchekesha apite tu uzi mwingine. Hapa kuna uchungu.

Twende.

Mimi ni developer, nakaa Iyunga, Mbeya. Kazini wananiita fundi, na huko mashambani nako wananiita fundi, hata kama sijawahi kushika bisibisi. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani pale Mwanjelwa, chini wanauza mitumba, juu sisi tunaandika code. Makao makuu yapo Iringa, na huko ndiko alikokuwa mkuu wa mradi. Tumuite Kihwele.

Mradi wenyewe ulikuwa wa maji. Kuna skimu moja ya mpunga huko Usangu, mfereji mkuu mmoja wenye malango matatu. Kila familia ina majaruba yake ya mpunga na kila familia ina zamu ya maji, mara moja kwa wiki. Zamani zamu ziliandikwa kwenye daftari la mgawa maji, na daftari lilikuwa linagombaniwa. Kurasa zinachanwa, jina linakatwa kwa kalamu, watu wanashikana mashati.

Sisi tukaja na tablet. Kila lango tablet moja, ndani yake orodha ya majina na siku zao. Mgawa maji anaifungua asubuhi, inamwambia leo fungulia nani, funga nani. Hakuna kukata jina kwa kalamu.

Wazo zuri kabisa, mpaka leo nasema hivyo.

Sasa shida ya kule ni network. Unasimama juu ya kichuguu unapata kidogo, ukishuka imepotea. Kutuma app nzima kila orodha inapobadilika ilikuwa haiwezekani. Kwa hiyo nikatengeneza update za vipande. Mwanzo wa msimu tablet inawekewa msingi, yaani orodha yote ya msimu uliopita, kwa waya, nikiwa nayo mkononi. Baada ya hapo kila badiliko ni kipande kidogo tu kinachobeba kile kilichoongezeka. Familia mpya imeingia, kipande. Mtu kabadilishiwa siku, kipande. Kila lango lina vipande vyake. Mgawa maji anapokea kwa WhatsApp, anagusa, kinaingia.

Vipande hivi vinapangana kama tofali. La juu linakaa juu ya la chini. Ukiruka moja, ukuta hauna maana.

Kwa hiyo lazima kila kipande kiwe na namba, na tablet ijue kipi kimetangulia na kipi kimefuata. Ukileta kipande cha zamani juu ya kipya, inakataa. Hii kinga niliiweka mwenyewe na nilijivunia.

Shikeni hapo kwenye namba, wakuu, maana ndipo nilipojichimbia.

Namba nilizitengeneza hivi: mwaka, mwezi, siku, halafu saa niliyotengenezea kile kipande. Mwanzoni saa niliiweka ile ya kompyuta, ya ishirini na nne. Mgawa maji wa lango la tatu, mtu mzima, tumuite Baba Neema, akawa ananipigia kila siku. Nikimuuliza una kipande cha saa ngapi, ananisomea kumi na tano. Halafu ananiuliza, fundi, saa kumi na tano ndiyo saa ngapi?

Nikaona huu ni usumbufu kwa watu. Nikaongeza mstari mmoja kwenye code, punguza sita, ikishuka chini ya moja ongeza kumi na mbili, ikizidi kumi na mbili punguza kumi na mbili. Basi. Saa za kizungu zikawa saa zetu. Kipande cha saa tisa alasiri kinaandikwa 09. Baba Neema akisoma tisa na mimi naelewa tisa. Kihwele alipoona alinisifia mbele ya wafadhili, akasema huyu kijana anaandika program inayoongea na wakulima.

Nilivimba kichwa wiki nzima.

Na ilifanya kazi. Sisi tulikuwa tunaingia ofisini saa mbili asubuhi, tunatoka saa kumi na moja. Mbili, tatu, nne, mpaka kumi na moja, namba zinapanda vizuri, hakuna hata moja inayorudi chini. Misimu miwili hakuna tatizo. Najua kuna wakuu humu mmeshaona shimo liko wapi. Mimi sikuliona.

Sasa nimlete Mama Kulwa.

Msimu huo wa mwisho skimu ilipokea familia tisa mpya lango la tatu, huko chini kabisa mkiani mwa mfereji. Nane kati ya hizo zilikuwa za wahamiaji, watu waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini miaka iliyopita. Wengi hata watoto wao wamezaliwa hapo hapo Usangu, lakini bado wanaitwa wageni. Niliwaandikisha mwenyewe, nyumba kwa nyumba, tablet mkononi.

Mama Kulwa alikuwa wa mwisho. Mume wake alishafariki. Ana mapacha, Kulwa na Doto, na mama mkwe asiyeona vizuri. Nilimsalimia kwa lugha yao, "mwangaluka", kwa lafudhi ya kwetu Tukuyu, akacheka mpaka akakaa chini. Akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akataka aone jina lake likiingia. Nikamuonyesha. Hajui kusoma sana lakini jina lake analijua. Akaligusa kwa kidole, akauliza kama linaweza kufutika.

Nikamwambia, "Mama, hili si daftari. Hapa hakuna wa kukufuta."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Mjue pia sheria ya ile skimu. Mgeni anapewa majaruba kwa majaribio ya msimu mmoja. Akilima yakazaa, ni yake. Akiyaacha yakakauka, kamati inamnyang'anya na kumpa mwingine, kwa maelezo kwamba kapewa maji akashindwa kuyatumia. Haijalishi una watoto wangapi. Kwa hiyo Mama Kulwa alikuwa na msimu mmoja tu wa kuonyesha.

Akapanda. Baba Neema aliniambia mpunga wake ulikuwa umejipanga kuliko wa wenyeji, na Baba Neema si mtu wa kusifia ovyo.

Mvua zikakata, kama kawaida, na mpunga ukaanza kuchanua. Hapo ndipo mpunga unapotaka maji kuliko wakati wowote. Ukikosa wakati huo, suke linatoka lakini ndani hamna kitu, mapepe matupu.

Siku moja ya wiki hiyo nilitengeneza kipande cha lango la tatu, kubadilisha siku za watu wawili tu. Nilikifanya haraka haraka ili niwahi kutoka. Saa kumi na moja jioni nikakituma.

Dakika chache tu Baba Neema kapiga. Fundi, watu wote wamesogea siku moja mbele, wa Jumatatu yuko Jumanne, wa Jumanne yuko Jumatano. Nikaangalia, kweli, nimeharibu. Nikamwambia subiri narekebisha sasa hivi. Umeme ukakatika. Laptop yangu betri yake ilishakufa kitambo, bila waya haiwaki.

Ningeweza kwenda nyumbani. Ningesema Baba Neema tumia kichwa chako kesho asubuhi mpaka nikutumie nyingine. Sikwenda, nilikaa pale gizani nikisubiri kwa sababu nilijiona mtu wa kazi. Umeme ukarudi, nikarekebisha, nikakagua mara mbili, nikatuma. Nikafunga ofisi nikiwa na amani kabisa.

Ilikuwa saa moja jioni na dakika zake.

Kipande kibovu kilikuwa 11. Marekebisho yakaandikwa 01. Siku ile ile, mwezi ule ule. Kwa macho ya tablet, marekebisho yametengenezwa masaa kumi kabla ya kosa lenyewe.

Ningelala tu nikakifanya kesho yake asubuhi, tarehe ingekuwa mbele na kila kitu kingekwenda sawa. Hilo ndilo linaloniumiza. Miaka yote nimekuwa mvivu hakuna kilichoharibika, siku niliyojituma ndiyo nikaharibu.

Asubuhi yake nilikuwa njiani kwenda Chunya, kampuni ilikuwa na kazi nyingine huko kwenye maghala ya tumbaku. Vumbi la ile barabara mnalijua, madirisha yamefungwa, joto. Baba Neema akapiga.

"Fundi, hii kitu inagoma. Inasema hii update ni ya zamani kuliko iliyopo."

Wakuu, mtu mwenye akili timamu hapo angeuliza, inakuwaje kitu nilichotengeneza jana jioni kiwe cha zamani? Mimi nikadhani saa ya tablet imeharibika. Nikamwambia ingia kwenye menyu ya mafundi, nikamtajia neno la siri, nikamwambia washa pale palipoandikwa ruhusu kurudi nyuma, halafu weka.

Akaweka. Akanisomea: imekamilika, kijani.

Nikamwambia safi sana mzee, tutaongea. Network ikakatika.

Kuna mkuu kauliza hapo chini kabla sijamaliza kupandisha, kwa nini niliweka hicho kitufe kama ni hatari. Jibu ni kwamba kila anayetengeneza mfumo wa update anahitaji njia ya kurudi nyuma, yaani downgrade, maana kuna siku toleo jipya litakuwa bovu. Ila kurudi nyuma kwa vipande ni kazi. Kipande kinajua kuongeza, hakijui kuondoa. Mimi nikapita njia ya mkato. Ukiwasha kile kitufe, tablet inafuta vipande vyote mpaka kwenye msingi, halafu inaweka kile kimoja ulichokipa, bila kukagua kama kimetanguliwa na wenzake. Ilitakiwa baada ya hapo fundi arudishie vipande vya katikati kimoja kimoja. Fundi mwenyewe ni mimi. Mimi nilijua. Baba Neema angejuaje?

Na mimi asubuhi ile, kwenye vumbi lile, nilisahau kabisa.

Kwa hiyo tablet ya lango la tatu ikabaki na orodha ya msimu uliopita pamoja na marekebisho ya jana. Familia tisa zilizoingia katikati zikawa hazipo, maana kipande cha kurekebisha siku hakiongezi jina ambalo halimo. Na kwa kuwa kipande cha mwisho kuwekwa ndicho kilikuwa cha mwisho kweli, vipande vilivyofuata vikaingia juu yake bila shida, vyote kijani. Hakuna kengele iliyolia popote.

Wiki ya kwanza Mama Kulwa alienda langoni siku yake. Baba Neema akaangalia, jina hamna. Akamwambia mama labda umehamishwa siku, subiri. Akasubiri wiki nzima.

Wiki ya pili hamna tena. Akapanda kwenye kile kichuguu akanipigia.

Mimi niko Chunya. Nikafungua laptop yangu, na laptop yangu ilikuwa na orodha kamili kwa sababu vipande vinatoka kwangu. Nikamkuta. Jina lake, Alhamisi yake, kila kitu.

Nikamwambia, "Mama, upo. Nakuona hapa. Nenda kamwambie Baba Neema fundi kasema upo."

Sikuuliza tablet iko kwenye namba gani. Swali moja tu hilo, lingechukua nusu dakika.

Akaenda. Siku hiyo langoni kulikuwa na watu wengi, wenyeji na wageni. Akasema kwa sauti mbele yao kwamba fundi kasema nipo. Baba Neema, mtu wa haki, akaigeuza tablet kila mtu aione. Akatafuta jina mbele yao. Hamna.

Niliambiwa baadaye watu walivyosema. Kwamba hawa wageni ndiyo tabia yao. Kwamba mashine haina ndugu, imewaumbua. Kwamba huyu mama anamsingizia fundi wa watu. Wengine walicheka.

Akarudi kichuguuni akanipigia tena.

"Mwanangu, kwako nipo. Kwenye maji sipo."

Nikamwambia nitalifuatilia. Wiki iliyofuata alipopiga nilikuwa juu ya ngazi nakagua router, nikaona jina lake kwenye simu, nikasema moyoni nitampigia. Sikupiga. Nilikuwa nimeshajishawishi kwamba ni ugomvi wao wa maji tu, kwamba mfumo wangu uko sawa na watu ndio wenye matatizo. Naandika hii sentensi na naona aibu.

Wiki ya nne Kihwele alishuka kutoka Iringa kukusanya ripoti. Akapita Usangu, akanipigia, akanisalimia kamwene fundi, akasema njoo haraka, kuna watu wanalalamika hawamo.

Nilifika mchana. Niliishika tablet, nikafungua ukurasa wa historia, nikaona msingi, halafu 01. Katikati pamefutika. Vile vipande vyote vya familia mpya, vyote nilivyovitengeneza kwa mkono wangu, havipo.

Nilisimama pale langoni nikahesabu saa kwenye vidole kama mtoto wa chekechea. Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, moja.

Nikaelewa.

Familia nyingine nane zilikuwa zimejiokoa zenyewe. Wana vijana wa kukesha mferejini, wana ndugu wa kuwapa maji ya pembeni, wawili wakaleta pampu. Mavuno yamepungua lakini yapo. Mama Kulwa alikuwa mwisho kabisa wa mfereji, na hana mwanaume wa kwenda kugombana. Nilikwenda kwenye majaruba yake. Udongo umepasuka, mguu unaingia kwenye ufa. Masuke yamesimama wima, meupe. Mpunga uliojaa unainama, wakuu. Ule haukuinama.

Kesho yake kamati ikakaa kwenye ghala la skimu. Ajenda ilikuwa majaruba yaliyokauka.

Kabla ya kuingia Kihwele alinivuta pembeni. Hakunifokea. Aliniambia kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionimaliza: nikisema ni kosa letu mradi umekufa leo, skimu zote zitarudisha tablet, wenzangu wa ofisini hawana kazi, na daftari litarudi na kuchanwa kutarudi. Akasema tuwarudishe wote kwenye mfumo leo leo, na ukiulizwa, sema mtandao.

Mwenyekiti akaniuliza mbele ya wote, "Fundi, mashine ilikosea au haikukosea?"

Mama Kulwa alikuwa amekaa chini karibu na mlango, khanga imefunika miguu. Alikuwa ananiangalia mimi tu.

Nikasema, "Ni mtandao, mwenyekiti."

Mwenyekiti akasema mtandao si wa kamati, na sheria haisemi habari za mtandao. Jaruba limekauka, limekauka. Wakaandika. Baba Neema naye hakupona, kuna waliosema aliuza zamu za wageni, na yule mzee hajawahi kuuza hata ndoo.

Mama Kulwa aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akatoka.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo hata mke wangu sikumwambia mpaka juzi.

Wiki ile ile nililetewa na kamati mabadiliko ya kuingiza. Familia nane, rudisha. Majaruba ya mkiani, ondoa jina la Mama Kulwa, weka la mtu mwingine, mwenyeji. Nikatengeneza kipande. Nilikitengeneza saa nne asubuhi. Namba ikapanda vizuri, tablet ikapokea mara moja, kijani.

Mara ya kwanza nilimfuta bila kujua. Mara ya pili nilimfuta nikijua.

Nilirekebisha pia ile code, msidhani nilikaa tu. Niliachana na saa kabisa. Kila kipande sasa kina namba ya kawaida, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na kuendelea, na tablet inalinganisha kama namba, si kama maandishi. Kila kipande kinataja kwa jina kile kilichokitangulia, na kisipomkuta mwenzake hakiingii hata uwashe vitufe vyote. Kurudi nyuma sasa kunarudisha hatua moja moja, na kabla ya kufuta kunakuonyesha majina yatakayoondoka. Ni kazi ya siku tatu. Siku tatu tu, wakuu, na ningeweza kuzitumia misimu miwili kabla.

Nilivumilia miezi kadhaa halafu nikaacha kazi. Kabla ya kuacha nilikwenda Usangu kumtafuta.

Nilimkuta anapalilia shamba la mtu, kibarua. Kulwa na Doto walikuwa wanaamia ndege pembeni. Nikakaa naye kwenye tuta, nikamueleza yote, tangu mwanzo. Kuhusu vipande, kuhusu namba, kuhusu kuondoa sita, kuhusu umeme uliokatika. Nilidhani hataelewa. Nilikuwa nimejiandaa kurahisisha.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuita Doto, mtoto wa miaka saba.

"Doto, saa moja jioni na saa kumi na moja jioni, ipi inaanza?"

Doto akasema kumi na moja. Akarudi kwenye ndege wake.

Mama Kulwa akaniambia, "Mtu akisema saa moja, si unamuuliza ya asubuhi au ya jioni?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anataka kujua kweli, iweje sisi wasomi wote tulioshuka na magari hakuna aliyeuliza.

Nikamuomba msamaha. Akachukua jembe, akasema, "Haya uliyoniambia mimi, kawaambie wao. Mimi nilikuwa najua kwamba sikudanganya."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Mwenyekiti alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nikasema yote, pamoja na ule uongo wa mtandao. Akanisikiliza. Akamuomba Baba Neema tablet, akaifungua kwenye majaruba ya mkiani, akanionyesha jina la yule mwingine.

"Fundi, hili jina aliliweka nani?"

Nikasema ni mimi.

Akasema basi tumemaliza, mtu ameshapanda, hatuwezi kurudi nyuma. Akaniaga kwa heshima.

Wakuu, nimejifunza nini? La kitaalamu ni dogo: namba ya toleo isiwe na kazi nyingine zaidi ya kusema nani katangulia. Usiipe saa, usiipe urembo, usitafute sifa kwa wafadhili. Na mfumo wako ukimwambia mtu kitu cha ajabu, kwamba cha jana jioni ni cha zamani, usimwambie aufunge mdomo ule mfumo. Sikiliza kwanza.

La pili nimelipata kwa gharama ya mtu mwingine. Mtu akikwambia hayumo, usimtafute kwenye laptop yako. Nenda ukamtafute kule anakosema hayumo.

Wale wa tasnia mje na ya kwenu, hasa mliowahi kuharibu kitu cha watu wasioweza kuwapigia kelele. Mnaotaka kunitukana ruksa, nitasoma zote na sitajibu vibaya.

Na kama kuna mtu wa Usangu anasoma hapa, wa ile skimu yenye malango matatu, utakuwa umeshaijua. Naomba uende na simu yako langoni siku ambayo watu ni wengi, kama walivyokuwa wengi siku ile, uwasomee hii kwa sauti. Waambie fundi kasema Baba Neema hakuuza maji ya mtu.

Waambie na huyu mama hakudanganya. Alikuwepo Alhamisi, lango la tatu, na mimi ndiye niliyemuona.